Muulize Shangazi: Mama anatoka Bagamoyo, nimpeleke San Juan Capistrano?

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Los Angeles. Amezaliwa na kukulia Bagamoyo, ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na mpaka sasa nimemzungusha madukani tu. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, huku hakuna misheni?" Nimesikia habari za misheni ya kale ya San Juan Capistrano. Sina gari, na goti la mama halitaki vilima. Siku moja inatosha? Na kuna cha kuona, au ni magofu tu?*
*Binti wa Bagamoyo, Los Angeles*

Marahaba mwanangu. Mama wa Bagamoyo unamzungusha madukani! Mwombe radhi kwanza, kisha ukate tiketi za treni.

Siku moja inatosha. Treni ya Pacific Surfliner inatoka Union Station, na baada ya saa moja na kitu mnashuka San Juan Capistrano katikati ya mji. Kutoka stesheni hadi lango la misheni ni mwendo wa dakika tano, hata kwa goti la mama, na ndani kote ni tambarare. Usimwahidi kuona bahari njiani, maana reli inaifikia pwani baada ya kituo chenu. Mimi nilimwahidi mgeni wangu bahari, akakaa na pua kwenye kioo mpaka tukashuka, hajaona hata tone.

Pandeni treni ya asubuhi. Hakikisha saa za treni ya kurudi kabla hamjaondoka nyumbani, na za misheni pia uziangalie. Kiingilio kinalipwa, na kuna kifaa cha kusikiliza maelezo, lakini mama hatakihitaji kwa sababu wewe utakuwa umeshasoma barua hii.

Sasa lililo muhimu. Mama yako atakuja na misheni ya Bagamoyo kichwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakawakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawajengea kijiji. Najua watoto wale nao walilimishwa mashamba, na nidhamu ilikuwa kali. Lakini mtu wa Bagamoyo akisikia neno misheni, anasikia mahali ambapo mtumwa alipata jina na kipande cha ardhi. California habari ilikwenda kwa njia nyingine. Wenyeji wa San Juan, Waacjachemen, walikuwa huru na vijiji vyao. Misheni iliwakuta huko. Mtu akishabatizwa, hakuruhusiwa tena kuondoka bila ruhusa, na aliyetoroka alifuatwa na askari akarudishwa, na viboko vilikuwepo. Mwambie mama hayo mkiwa bado ndani ya treni, taratibu, asiyakute ghafla ukutani.

Misheni ilianzishwa na Padre Junípero Serra, Mfransisko kutoka Hispania, tarehe 1 Novemba 1776, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ikiwa ya saba kati ya misheni 21 za California. Mwaka mmoja kabla mapadre walikuwa wameshaanza, wakasikia kuwa wenyeji wameivamia misheni ya San Diego, basi mapadre wakafukia kengele na kukimbia. Waliporudi walizifukua. Hadithi hiyo mama ataipenda.

Mkiingia, nendeni moja kwa moja kwenye kanisa dogo, lile refu jembamba la matofali ya udongo usiochomwa. Lilijengwa mwaka 1782, na ndilo jengo pekee lililosimama hadi leo ambamo inajulikana kwamba Serra mwenyewe alisoma Misa. Altare ya dhahabu mtakayoiona mbele ilitoka Barcelona. Ililetwa ndani ya kanisa hili katika karne ya 20, nayo ilikuwa ndefu kuliko dari, ikabidi paa upande ule lipandishwe. Pembeni kuna kijikanisa cha Mtakatifu Peregrini, msimamizi wa wagonjwa wa saratani, chenye joto la mishumaa na majina ya wagonjwa. Hapo mwache mama peke yake. Usimwambie treni, usimwambie chakula. Mimi nilikaa humo kwa ajili ya dada yangu mpaka mlinzi akaanza kunikohoea.

Ukitoka nje ndipo magofu unayoyauliza, na mwanangu, ukisema "magofu tu" mbele yangu tutagombana. Lile lilikuwa kanisa kubwa la mawe. Walianza kulijenga mwaka 1797, chini ya fundi mwashi aliyeletwa kutoka Mexico. Mawe yalitoka machimboni maili kadhaa mbali, na waliobeba walikuwa wenyeji, wanaume, wanawake na watoto. Fundi akafa mwaka 1803 kazi ikiwa katikati, na waliomalizia ni haohao wabeba mawe, mwaka 1806. Kanisa likadumu miaka sita. Tarehe 8 Desemba 1812, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Misa ya asubuhi ikiendelea, ardhi ikatetemeka. Mnara ukaanguka, kuba zikawaporomokea waumini. Walikufa watu 40, karibu wote Waacjachemen. Hawakulijenga tena. Kilichobaki ni upande wa altare, umesimama wazi kama ganda la chaza lililofunguliwa, na njiwa wamo ndani.

Kaeni kwenye benchi lililo mkabala nalo. Mara yangu ya kwanza nilikwenda siku ya mapumziko yangu, maana kazi yangu ni kutunza wazee majumbani na Jumapili sipati. Akaja mama mmoja wa makamo, akakaa kando yangu. Nilidhani ni mtalii. Akaniambia bibi zake wamelala makaburini nyuma ya kanisa la Serra, na kaburi la nani ni lipi hawezi kujua, kwa sababu mengi hayana alama. Nikamwambia kwetu Tanga tuna makaburi ya hivyo. Tukala maandazi yangu. Kila nikipita pale namtafuta kwa macho.

Hao watu wapo, usimwambie mama walikwisha. Jimbo la California linawatambua, ila serikali kuu ya Marekani iliwakatalia ombi lao mwaka 2011. Mji sasa una bustani inayoitwa Putuidem, jina la kijiji chao kikuu cha zamani. Iko mbali kwa goti la mama, iacheni.

Kabla ya kutoka mtapita ukuta wenye kengele nne, uliojengwa mwaka 1813 baada ya mnara kuanguka. Mbili kubwa zilipasuka siku ile ya tetemeko, na zikasubuliwa upya mwaka 2000. Mwonyeshe mama pia matangi ya kuyeyushia mafuta ya ng'ombe, ya kutengenezea sabuni na mishumaa. Utajiri wote wa pale ulikuwa ng'ombe. Na usisahau kumwambia kwamba mwaka 1845 misheni nzima iliuzwa kwa dola 710, mnunuzi mmoja akiwa shemeji wa gavana. Akahamia humo na familia yake. Kanisa Katoliki lilirudishiwa mwaka 1865 kwa hati iliyotiwa saini na Abraham Lincoln, wiki nne kabla hajauawa.

Mchana vukeni reli, ng'ambo tu ya stesheni, muingie mtaa wa Los Rios. Unahesabiwa kuwa mtaa wa kale kuliko yote California ambao watu hawajaacha kuishi. Nyumba ya akina Rios ni ya mwaka 1794, na ukoo ule ule bado uko ndani, kwa hiyo msichungulie madirishani. Kuna miti ya kivuli na mahali pa kula. Bei zake ni za kitalii. Mimi niliwahi kulipa bei ya mlo wa watu watatu kwa sahani moja ya mayai, tangu hapo nabeba chakula changu.

Mkisubiri treni, msimulie mama habari za Modesta Avila. Reli ilipita karibu na nyumba yake, na mwaka 1889 akaweka kizuizi njiani akidai alipwe. Wengine husema alianika nguo juu ya reli, nami nalipenda toleo hilo. Treni haikugonga kitu wala kuanguka, lakini alihukumiwa miaka mitatu, akapelekwa gereza la San Quentin na kufia huko mwaka 1891. Alikuwa msichana wa miaka ya ishirini na kitu.

*Shangazi, nimesoma kuwa Serra alitangazwa mtakatifu. Sasa viboko vile je? Mimi nisali au nisisali kwa jina lake?*
*Msomaji, Nairobi*

Ni kweli, Papa Fransisko alimtangaza tarehe 23 Septemba 2015, mjini Washington, na wenyeji wengi wa California walipinga. Kuna Waacjachemen Wakatoliki wanaomwomba, na kuna ndugu zao wasiotaka kusikia jina lake, nyumba moja. Swali lako mpelekee padre wako. Mimi nikifika pale sala yangu huiweka kwenye yale makaburi.

*Shangazi, Machi nilikwenda Capistrano kuona mbayuwayu wanaorudi siku ya Mtakatifu Yosefu. Nikaona gwaride, farasi na kofia. Ndege hakuna! Tumeibiwa?*
*Mwenye Hasira, San Diego*

Hujaibiwa, umechelewa kwa miaka. Mbayuwayu wale wanakaa kusini kabisa, Argentina, wakati wa baridi ya huku, na zamani walirudi kwa wingi kujenga viota vya tope kwenye yale magofu, wakihusishwa na tarehe 19 Machi. Mafundi walipoyakarabati magofu katika miaka ya 1990 viota viliondolewa, na mji nao umekua, kwa hiyo ndege wana majengo mengine mengi ya kuchagua. Misheni imejaribu kuwarudisha kwa viota vya kutengeneza na sauti zao zilizorekodiwa.

Nenda tena Mei, lakini usiende lango la misheni. Tafuta daraja lolote lililo juu ya mto wa pale mjini, uinue macho chini yake. Mbayuwayu hao hupenda madaraja, viota vinabanana kama vibuyu vya tope. Vaa kofia.