LCP au P365 kwa mzunguko wa Kibaigwa?

Kaka, umeuliza bastola ipi inafaa, Ruger LCP au SIG P365, kwa mtu anayetembea na hela za mahindi sokoni Kibaigwa. LCP ninayo mwaka wa nne, kwa kibali. Wepesi wake si mchezo, gramu 270 hivi, unaisahau kiunoni. Ila siku ya kulenga shabaha, weee! Mpini mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na inapiga teke mpaka kiganja kinawaka. Risasi ya ishirini tu natamani kurudi nyumbani. P365 ya shemeji ina uzito karibu maradufu, lakini inabeba risasi 10 za milimita 9 na inatulia mkononi. Ningechukua hiyo. Halafu vumbi letu hili la Dodoma linaingia mpaka kwenye magazini, yaani kile kikasha cha risasi, kwa hiyo ifute kila wiki hata kama hujaigusa.