Maswali na majibu: Umehamia, unataka kuanzisha kampuni

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaojenga kampuni changa kwenye nchi walizohamia. Moja imetoka kwa mwenyeji anayetaka kuwashika mkono, na hiyo nimeiweka mwisho kwa sababu ina mengi.

Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza programu. Naweza kusajili kampuni?

Kusajili unaweza, na hisa unaweza kumiliki. Shida iko kwenye kuifanyia kazi. Unajibu wateja usiku, unarekebisha hitilafu, unasaini mikataba, na kwa kuwa hujilipi hata senti unadhani uko salama. Hauko salama, kwani hiyo nayo ni kazi hata bila malipo. Njia iliyozoeleka ni kibali cha OPT, kinachompa mhitimu miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea, na humo kujiajiri kunaruhusiwa. Waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24, ila hapo lazima kuwe na mwajiri halisi anayekusimamia, na fomu ya mpango wa mafunzo huwezi kujisainia mwenyewe kama bosi wako. Kwa hiyo muone mwanasheria kabla ya kusajili. Na awe wa uhamiaji! Wakili wa kampuni atakuandalia nyaraka safi kabisa bila kujua kama unaruhusiwa kuiendesha hiyo kampuni.

Ukaazi wa kidijitali wa Estonia utanipa haki ya kuishi Ulaya?

Hapana. Mpango huo, ulioanza Desemba 2014, unakupa kitambulisho cha kidijitali cha kufungua na kuendesha kampuni ya Estonia ukiwa popote ulipo. Si viza wala kibali cha kuishi. Anayekuuzia kama njia ya kuhamia, achana naye.

Nimepata mbia mwenyeji. Anajuana na watu na lugha anaimudu, lakini anataka nusu ya kampuni kabla hajafanya lolote.

Usikatae mtu, kataa utaratibu. Mwambie hisa zake atazipata kidogokidogo kwa miaka 4, na akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha haondoki na kitu. Nawe ujiwekee sharti hilohilo, ili isionekane unamshuku. Mtu mwenye nia atakubali, kwa kuwa wawekezaji wenyewe watakuja kudai utaratibu huo.

Kuna jingine ambalo wahamiaji husahau: hisa zako zinaweza kuwa ndizo zinazokushikilia nchini. Kanuni ya Marekani ya wajasiriamali wa kimataifa, iliyotolewa Januari 2017, inamtaka mwombaji awe na angalau asilimia 10 ya kampuni wakati wa maombi ya kwanza. Ukigawa ovyo mapema, unaweza kujifungia mlango.

Wazo langu linawahusu wahamiaji wenzangu tu. Mshauri anasema soko ni dogo.

Huenda yeye halioni. Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, alianzisha WorldRemit, kampuni ya kutuma pesa kwa mtandao, jijini London mwaka 2010, akijua vizuri adha ya mhamiaji anayetuma pesa nyumbani kupitia kwa wakala. Lakini usimjibu mshauri wako kwa hadithi ya mtu mwingine. Mjibu kwa orodha ya watu wanaokulipa tayari. Hata wachache, mradi wamelipa. Waliosema "wazo zuri" usiwahesabu.

Tunaendesha kituo cha kulea kampuni changa. Tuliwatangazia wahamiaji mafunzo ya kuandika mpango wa biashara, wakaja wachache sana. Tumekosea wapi?

Mmewapa walicho nacho tayari. Wengi wao waliwahi kuendesha biashara kabla ya kuhama. Wanachokosa ni mtu wa kuwatambulisha. Meneja wa manunuzi unayempigia wewe na akapokea, kwao ni barua pepe tano zisizojibiwa. Mwandikieni mistari mitatu: huyu ni nani, ametengeneza nini, na nyinyi mmekiona kikifanya kazi wapi. Kisha mwombeni nusu saa ya mkutano.

Karatasi nazo zinadai mdhamini. Viza ya Uingereza ya Innovator Founder, iliyoanza Aprili 2023, haidai tena zile pauni 50,000 za kuanzia zilizokuwa zikitakiwa na viza iliyotangulia. Inadai taasisi iliyoteuliwa iridhike kwamba wazo ni jipya, linatekelezeka na linaweza kukua, kisha ikutane na mwanzilishi angalau mara mbili. Si kila kituo kinaweza kuteuliwa, lakini kila kituo kinaweza kukaa na mtu na kumwandaa kwa tathmini na mikutano hiyo.

Pesa peke yake haimbakizi mtu. Start-Up Chile, mpango wa serikali ya Chile, tangu 2010 iliwapa waanzilishi wa kigeni takriban dola 40,000 bila kuchukua hisa, pamoja na viza ya mwaka mmoja. Wengi waliondoka muda ulipoisha. Nadhani wangekuwa na wateja pale wangefikiria mara mbili.

Angalieni na ratiba. Mafunzo ya saa nne asubuhi yanamwacha nje mwenye kazi ya mchana, na kwa wengi ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba na kushikilia kibali. Bajeti ikibana, punguzeni ukumbi na vitafunwa, mlipieni mwanasheria wa uhamiaji jioni moja kila mwezi. Hiyo jioni hamtalalamika kuhusu mahudhurio.