Matumizi ya neno "bloody" na maneno yanayokaribiana nalo

Ndugu, umeuliza kama neno la Kiingereza "bloody" ni tusi zito na ni maneno gani yanayoweza kushika nafasi yake. Kwa Waingereza wa leo ni tusi jepesi, na kazi yake kubwa ni kutia mkazo: hukaa mbele ya kivumishi, kama katika "bloody cold" (baridi kali mno), au mbele ya nomino, na mara nyingine hupachikwa katikati ya neno lenyewe, kama katika "abso-bloody-lutely", kutoka "absolutely" (kabisa), jambo ambalo kwangu ndilo linalovutia zaidi katika sarufi yake. Halikuwa jepesi siku zote, kwani lilipotamkwa jukwaani London mwaka 1914, katika tamthilia ya Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, lilizua gumzo kubwa magazetini. Waaustralia hulitumia kwa uhuru zaidi, ilhali Wamarekani wengi huliona kuwa la Waingereza, nao husema "damn". Ukitaka neno laini zaidi, yapo "blooming", "ruddy" na "flipping". "Bleeding" halina upole huo. Nakusihi tu usiliandike "bloody" katika barua ya kikazi, wala usilitamke mbele ya watu usiowafahamu vizuri.