Maswali yenu ya vyura: chura hazai kwa kushiba tu

Nina vyura kwenye beseni hapa Uyole, wanakula vizuri, mwaka wa pili huu hawajazaa. Shida nini?
Beseni lenyewe. Jamani hili swali linarudi kila mara, mnahesabu msosi tu, chura ukimshibisha bila kumbadilishia hali atanenepa basi. Wengi wa huku nyanda za juu wanasubiri kiangazi kipite mvua ianze, usiku wa Desemba unawasikia wenyewe madimbwini, sasa wewe mwaka mzima unawapa maji yaleyale na giza lilelile watajuaje msimu umefika? Wape wiki kadhaa za ukavu kiasi halafu anza kuwanyunyizia maji mengi jioni, na wawe na sehemu ya nchi kavu yenye majani ya kujificha. Hakikisha pia una dume, maana anayelia kuita ni dume.

Maji ya bomba yanafaa?
Yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, chura anakunywa kwa ngozi. Nimeshajibu hili, someni ya nyuma.

Vyura wa Kihansi kwani wasingezaliana tu hapahapa nchini, mpaka wapelekwe Marekani?
Wangezaliana wapi mkuu? Makazi yao ni korongo lile moja la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wanategemea manyunyu ya maporomoko, na bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakabebwa 499 kwenda zoo ya Bronx, New York, wengine wakagawiwa zoo nyingine za Marekani. Hapa sasa nisikilizeni nyie wa mabeseni: pamoja na wataalamu na vyumba vya kudhibiti joto bado walikufa wengi sana, mara minyoo ya mapafu, mara mifupa kulegea kwa kukosa taa zenye miale kama ya jua, zoo nyingine zikashindwa wakabaki Bronx na zoo ya Toledo tu. Mpaka taa, manyunyu, usafi wa maji na wadudu waliopakwa unga wa kalisiamu vilipokaa sawa ndo wakaongezeka. Na huyu wa Kihansi hatagi, anazaa, jike mwenye mimba unawaona watoto kupitia ngozi ya tumbo, wakitoka wana kama milimita 5. 2009 akatangazwa ametoweka porini, 2010 wakarudi 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako manyunyu sasa yanasaidiwa na mabomba. Kwa hiyo mtu asije akakausha mto mwingine akisema zoo zipo.

Naweza kupata wawili wa Kihansi nifuge?
Hapana. Biashara yake imepigwa marufuku kimataifa, yupo Kiambatisho cha 1 cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na usiende kuchungulia na gambuti zenye tope, kuna kuvu inayoua vyura ilishakutwa korongoni 2003 na tope la viatu linaibeba.

Wamekuwa wengi, niwaachie mtoni?
Usithubutu dada. Ugonjwa walioupata kwako utaenda kwa wa porini. Mpe mwalimu wa baiolojia mwenye pa kuwaweka, na maji yao tia jiki, yaache yakae, ndo umwage chooni, sio mferejini.