Rangi ya taa za kibodi haibadiliki

Kama taa zinakubali kuongezwa na kupunguzwa mwanga lakini rangi haigeuki, huenda kibodi si mbovu: ina taa za rangi moja, na hakuna programu itakayozibadili. Hata zile za mistari ya upinde wa mvua, nyingi rangi zake hazihami. Tafuta kwenye boksi neno RGB, yaani taa zinazoweza kubadili rangi.

Ikiwa ni RGB, jaribu kubonyeza Fn pamoja na kitufe chenye alama ya taa. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Personalization, kisha Dynamic Lighting. Isipoonekana hapo, tumia programu ya mtengenezaji. Ila usiache zote mbili ziendeshe taa kwa wakati mmoja. Zitagombania na rangi itarukaruka. Ukimaliza, hifadhi kwenye memori ya kibodi yenyewe kama inayo, la sivyo ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine rangi yako haitakuwepo.

Ukitaka kubadili rangi ya vitufe vyenyewe, nunua vifuniko vyenye herufi zinazopitisha mwanga. Vya plastiki isiyopitisha mwanga huziba taa, zikabaki kuonekana pembeni tu.