Mama Fundi Anajibu: Gari Lije Limeoshwa, au Nilioshe Mimi?

Barua za mwezi huu zimekuja na harufu zake: kuku, matope, panya, petroli. Nimechagua nne. Walioniuliza mambo ya gia boksi za otomatiki wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mama Fundi. Nipo gereji moja hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Tuna mteja, mzee wa makamo ya baba yangu, ana Noah ile ya zamani inayopanda Mgeta. Inabeba abiria, kabichi na kuku, vyote safari moja. Ikifika kwetu ina matapishi yamekaukia mlangoni, kinyesi cha kuku na maji ya kabichi zilizooza. Juzi nilimwambia, "Mzee, gari lako linanuka, kalioshe kwanza." Akanijibu mbele ya watu, "Wewe ni fundi au bwana harusi?" Wakacheka wote. Bosi naye akanigombeza, ati mteja ni mfalme. Je, nina haki ya kukataa gari?
*Kijana wa Spana, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hilo la bwana harusi na mimi limenichekesha, nitalitumia.

Asiyeijua Noah ya zamani atakuona unadeka. Magari mengi injini iko mbele, chini ya boneti; ndani kukiwa jalala, fundi wa injini halimhusu. Noah ile injini yake imelala chini ya viti vya mbele. Hata kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, lazima unyanyue kiti, ufungue mfuniko, uinamishe kichwa palepale anapokaa mtu. Chochote kilichomwagika kwenye zulia kinakupokea wewe. Injini ikiwa bado ya moto ndiyo balaa, maana ule uozo unakuwa unapikwa. Na zile kona za Uluguru hazimwachii abiria chai yake ya asubuhi, kwa hiyo nakuamini kila neno.

Haki unayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Lakini gereji zetu tunazijua. Ukimwendea bosi na sheria mkononi, kesho yake utakuwa unatafuta kibarua kingine. Basi nikupe njia ya gereji.

Hoja yako ilikuwa sawa, maneno ndiyo yaliyokuangusha. Ukimwambia mtu mzima gari lake linanuka, yeye amesikia kwamba ananuka yeye, na umemwambia hadharani. Atakurudishia tu. Siku nyingine, kabla hujapokea ufunguo, mwombe mzunguke gari pamoja, nyie wawili. Fungua mlango, nyanyua kiti yeye mwenyewe akiona, kisha sema kazi: "Mzee, plagi ziko hapa chini. Hapa nikifungua, uchafu huu unaingia kwenye matundu ya plagi. Ukalioshe ulirudishe saa nane, au tulioshe sisi, ni shilingi kadhaa juu ya ufundi?" Hapo umempa la kuchagua, na hujamtukana. Tena si uongo. Mchanga ukiangukia kwenye tundu la plagi unaingia silinda, na silinda ikikwaruzwa hakuna sabuni ya kuirudisha.

Bei ya kuosha iandike kwenye daftari la kupokelea magari kabla ya spana ya kwanza. Ukiitaja jioni wakati wa kulipa, umeanzisha ugomvi. Na bosi wako mwoneshe hiyo bei. Mabosi wengi wanaoimba mteja ni mfalme hunyamaza wakisikia uchafu una risiti.

Mimi hapa Tandika nina mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anachukua samaki Feri alfajiri na kusambaza kwa mama lishe. Gari lake ni Probox. Maji ya samaki yana chumvi, yanapenya chini ya zulia, yanakaa kwenye lile sponji zito lililogandamana na bati, yanakula sakafu na kugusa nyaya zinazopita kizingitini. Anajua. Akifika anashusha vioo vyote vinne, anasema "Mwanangu, poleni," na pesa ya kuosha anaitoa kabla ya salamu kwisha. Vijana wangu wanamgombania. Wanafungua boliti za viti kwa spana namba 14, zulia linatoka zima, linapigwa sabuni na kuanikwa juani mpaka sponji likauke kabisa, kwa sababu likirudishwa na unyevu harufu inarudi siku ya tatu ikiwa mbaya kuliko mwanzo.

Halafu kuna bwana mwingine wa vioo vyeusi, gari linang'aa nje unaweza kunyolea ndevu. Alikuja kwa sababu gia ilikuwa haitoki kwenye P, ile ya kuegeshea. Tukafungua pale kwenye gia, tukakuta soda iliyoganda, mbegu za ubuyu zimeng'ang'ania kama gundi, na chini ya kiti cha nyuma nepi ya mtoto iliyokunjwa vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini bili imekuwa kubwa. Uchafu wa mtu anayetafuta riziki naupokea kwa mikono miwili. Wa yule bwana naupokea pia, ila bei yake ni nyingine, na sioni haya kulisema gazetini.

Kwa hiyo mzee wako wa Mgeta usimkatae. Mwambie pia atandike turubai nyuma kabla ya kupakia kuku, asiwaweke juu ya zulia tupu. Itamsaidia yeye kuliko wewe.

Mama Fundi, habari za kazi. Gari langu IST linavuja oili. Fundi akasema hawezi kuanza mpaka nikaoshe injini. Nimelipia kuosha, nimerudi, akaniambia nitembelee siku mbili ndipo nilirudishe. Huyu si ananizungusha?
*Baba Wawili, Kigamboni*

Huyo mshike, usimwachie. Mafundi wa namna hiyo si wengi.

Oili hushuka. Gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu kabisa wa injini, ikichoka, oili inateremka nyuma ya injini, inachanganyika na vumbi, inafika pale injini inapokutana na gia boksi na kudondokea hapo. Fundi mwenye haraka akiingia chini ataona tope la oili pale, atakwambia ni sili ya krenki ya nyuma, ule mpira unaozuia oili mwishoni mwa shafti kuu ya injini. Hiyo sili haibadilishwi bila kushusha gia boksi. Utalipa kushusha na kupandisha, na oili itaendelea kudondoka, maana mwizi yuko juu. Injini ikioshwa, ukatembea kidogo, njia ya oili inaonekana mpya juu ya bati safi. Wengine tunapulizia hata poda ya mtoto. Oili ikipita, inachora.

Tahadhari moja tu kwa hao waoshaji wa barabarani. Injini iwe imepoa, alternata, ile inayochaji betri, ifunikwe mfuko, na ile mashine ya presha wasiielekeze kwenye koili zinazopeleka umeme kwenye plagi. Maji yakituama kwenye matundu ya plagi utarudi nyumbani injini inamisi, utamlaumu fundi asiyehusika.

Shikamoo mama. Gari la marehemu mume wangu lilikaa nje miezi mingi. Sasa nataka nilitumie, ila nikiwasha AC inatoka harufu mbaya sana na vipande vya godoro. Fundi wa kwanza alifungua kidogo akakimbia, akasema kuna panya. Nifanyeje?
*Mama wa Kibaha*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Usiwashe tena hiyo feni, tafadhali. Kila ukiwasha unajipulizia usoni kilichomo. Panya wanapenda sana pale nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, ambako filta ya hewa ya ndani hukaa. Pana giza, pakavu, na sponji la viti ndilo tandiko lao. Magari mengine yaliyotoka Japani yamefika hata filta hayana, ni tundu tupu, kwa hiyo wanashuka moja kwa moja hadi kwenye feni.

Huyo fundi aliyekimbia simlaumu sana. Mwezi wa saba 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa huku wakitokwa damu puani, na watatu wakafariki. Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria anayekaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na anayeingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo. Sisemi gari lako lina ugonjwa huo. Nasema fundi mwenye vidonda vya spana mikononi asiuguse mkojo wa panya bila glovu.

Atakayeifanya kazi hiyo afungue milango yote kwanza, gari lipate hewa nusu saa. Avae glovu na barakoa. Kinyesi kikavu asikifagie wala kukipuliza kwa kompresa, vumbi lake ndilo baya. Akilowanishe kwa maji ya Jik, sehemu moja ya Jik kwa tisa za maji, asubiri dakika tano, ndipo aokote kwa tambara la kutupa. Asimwagie Jik kwenye soketi za umeme. Huko apanguse tu kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kisha ashushe feni aioshe pekee, aweke filta mpya, na akague nyaya, kwa sababu panya hawalali bure, wanatafuna. Kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, hapo ndipo pa kuanzia.

Ikiwa zulia la upande wa abiria nalo limelowa, hilo si la panya pekee. Mpira wa kutolea maji ya AC umeziba, labda kwa hayo hayo magodoro yao. Mwambie auzibue siku hiyo hiyo.

Na ulipe vizuri. Kazi hii mimi naitoza kama kazi ya injini.

Mama Fundi, mimi naosha mikono kwa petroli tangu nianze ufundi, grisi haitoki kwa kingine. Sasa ngozi inapasuka, na mke wangu anasema chapati nikizigusa zinanuka. Kuna dawa?
*Fundi Pikipiki, Tanga*

Petroli inaondoa grisi pamoja na mafuta ya ngozi yako, na nyingine inaingia mwilini. Iache leo. Kabla ya kuanza kazi kwarua kucha kwenye sabuni ya mche, sabuni ijae chini ya kucha, grisi ikose nafasi. Ukimaliza, jisugue kwa mafuta ya kupikia bila maji, grisi ilainike, ongeza kijiko cha sukari usugue tena, halafu sabuni ya vyombo na maji. Usiku paka mafuta mazito ya mgando. Mipasuko ikitoa usaha nenda zahanati.

Chapati mwachie mkeo kwa sasa.