Kalipa na pedi za breki kwa pikapu ya zamani

Ndugu, umeuliza iwapo pikapu yako ya zamani, inayovuta kushoto ukanyagapo breki, inahitaji kalipa mpya (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu) au pedi tu. Usikimbilie maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, kabla ya kufungua magurudumu yote mawili ya mbele, kwa sababu gari linapovuta kushoto, mara nyingi kalipa iliyokwama ni ya kulia, haishiki breki, na fundi asiye makini hubadilisha ya kushoto isiyo na kasoro. Tazama pedi: ikiwa ya ndani imelika hadi chuma huku ya nje ikiwa bado nene, yaelekea pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimeshika kutu, na zikisafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, huenda usinunue kalipa kabisa. Pistoni (kipande cha ndani ya kalipa kinachosukuma pedi) iliyoliwa na kutu, hata hivyo, haifai kuwekewa raba mpya ya kuzuia oili.

Ukilazimika kununua, beba namba ya chesisi pamoja na kalipa kuukuu yenyewe, na ubadilishe pande zote mbili. Nipeli ya kutolea hewa sharti ikae juu. Ikiwa chini, umeuziwa ya upande mwingine, na hewa haitatoka hata mkanyage pedali mchana kutwa. Kwa kuwa unasema huteremka mteremko mrefu wa Mai Mahiu na mzigo, mimi ningechagua pedi zenye mchanganyiko wa chuma, ambazo hustahimili joto, ingawa hupiga kelele na kula diski upesi zaidi. Oili ya breki ibadilishwe yote, kwa daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4.